Kuimba Huku Ukipiga Gitaa

Wahenga walisema, "Mshika mbili moja humponyoka." Maneno hayo ni kweli katika mambo mengi. Mtu hawezi kusoma barua na kuhesabu fedha kwa mara moja. Akijaribu, ama barua haitamwingia, ama hesabu itampotea. Lakini labda umepata kumwona mtu aliyeketi na gitaa pajani, vidole vyake vikirukaruka juu ya nyuzi kama panzi majanini, naye huku anaimba kwa utulivu, uso wake mkunjufu, kana kwamba mikono ile si yake. Je, mtu huyo amewezaje kushika mbili, wala moja isimponyoke? Hilo ndilo jambo tutakalolieleza katika habari hii.

Kwanza tulitazame gitaa lenyewe. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Uzi ulio karibu na uso wa mpigaji ndio mnene kuliko zote, na sauti yake ni nzito. Hutikisika kadiri ya mara 82 kwa nukta moja ya saa. Uzi ulio karibu na magoti yake ndio mwembamba kuliko zote, nao hutikisika kadiri ya mara 330, yaani mara nne zaidi, na kwa hiyo sauti yake ni nyembamba. Mkono wa kushoto hubonyeza nyuzi shingoni mwa gitaa, ili sehemu inayotikisika iwe fupi na sauti ipande. Mkono wa kuume ndio unaoziamsha nyuzi ziseme.

Kuna njia mbili za kuziamsha. Njia ya kwanza ni kuzipitishia mkono zote pamoja, juu na chini, kama mtu afagiaye. Kuimba juu ya upigaji wa namna hii si kazi ngumu sana, maana mkono una jambo moja tu la kufanya, nalo ni lile lile tangu mwanzo hata mwisho. Njia ya pili ni kudonoa uzi mmoja mmoja kwa vidole. Hapo gumba hukaa kwenye nyuzi nene, likipiga mapigo yaliyo sawa, kama moyo upigavyo. Na kidole cha shahada hucheza kwenye nyuzi nyembamba, kikitoa sauti za wimbo. Pengine kidole hiki hupiga pamoja na gumba, na pengine hupiga katikati ya mapigo yake. Msikilizaji aliye nje ya nyumba hudhani kuna wapigaji wawili ndani. Sasa ongeza sauti ya kuimba, yenye mwendo wake yenyewe, na wapigaji wale wawili wamekuwa watatu katika mwili mmoja.

Mmoja wa mabingwa wa njia hii ya pili alikuwa Jean Bosco Mwenda, aliyeitwa pia Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 huko Katanga, katika nchi ya Kongo. Bayeke ni watu ambao wazee wao walitoka Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, wakaenda Katanga kwa biashara katika karne ya 19, wakapata enzi huko chini ya mfalme wao Msiri. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, jina lake Hugh Tracey, alikuwa akizunguka katika nchi za Afrika na mashine ya kunasa sauti, akikusanya nyimbo na ngoma za watu. Alipofika katika mji wa Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi, alimpata Mwenda, kijana aliyekuwa bado hajulikani mbali, akanasa nyimbo zake. Mmoja wa nyimbo hizo huitwa "Masanga". Sahani za santuri zenye nyimbo zake zilienea mbali na kwao, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alifika Nairobi, akakaa huko kwa muda. Alifariki mwaka 1990, lakini "Masanga" ungali ukisikilizwa na kujifunzwa hata leo, katika Afrika na katika nchi za ng'ambo.

Watu walimstaajabia Mwenda kwa kuwa alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kuume, yaani gumba na kidole cha shahada. Hakuwa na ngoma nyuma yake, wala kundi la waimbaji. Ilikuwa mtu mmoja na gitaa moja. Katika muziki wa namna hii hakuna mahali pa kujificha. Vidole vikikosea, wimbo umevunjika; ulimi ukikosea, wimbo umekuwa bubu.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa vijana waliojifunza wimbo ule kutoka katika santuri. Aliisikiliza sahani mpaka ikachakaa na kukwaruza, naye akapata kuupiga na kuuimba hata akawa maarufu katika mtaa wetu. Lakini uzee ulipomfikia, alishikwa na baridi yabisi. Vidole vyake vikapinda, na gitaa likatundikwa ukutani. Katika ukoo wetu hapakuwa na mwingine aliyeujua wimbo huo kwa namna yake yeye, na maneno mengine ambayo alikuwa ameyatunga mwenyewe na kuyaongeza hayakuwa yameandikwa mahali popote. Mimi nilikuwa kijana, nami nilikuwa nimejifunza kupiga gitaa. Mama akaniambia, "Nenda ukampigie mjomba wako wimbo wake. Afya yake si njema."

Nikaenda. "Shikamoo, mjomba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umejifunza wimbo wangu. Haya, niburudishe."

Nikaanza kupiga. Vidole vilikwenda vizuri, na mjomba akafumba macho kwa furaha. Ndipo nikafungua kinywa niimbe. Mara nilipotamka neno la kwanza, gumba likasimama. Nikaanza upya. Safari hii gumba liliendelea, lakini maneno yalinitoka, nisijue niseme nini. Mara ya tatu sauti na vidole vilivutana, kila kimoja kikielekea kwake, kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja. Nikaona haya, nikaliweka gitaa chini.

Mjomba hakucheka. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe wataka kushika mambo mawili. Mimi sikupata kushika mawili hata siku moja. Nilishika moja tu. Njoo kila Jumamosi, maadamu ningalipo, nikuonyeshe."

Sikuelewa maana ya maneno hayo, lakini nilikwenda. Na haya nitakayoyasimulia ndiyo niliyojifunza, sehemu kutoka kwa mjomba, na sehemu baadaye kutoka katika vitabu.

KWA NINI VIUNGO HUVUTANA

Mwili wa binadamu hupenda viungo vyake viende pamoja. Mtu atembeapo, mikono yake hufuata mwendo wa miguu bila kuambiwa. Akina mama wawili watwangao katika kinu kimoja huimba, na wimbo huanguka pamoja na mchi, nao huwasaidia wasigonganishe michi yao. Hapo kuimba hakuongezi taabu, bali huipunguza, kwa sababu sauti na mkono vina mwendo mmoja. Lakini katika wimbo wa gitaa wa namna tuliyoieleza, sauti huingia pengine katikati ya mapigo ya gumba. Gumba husikia sauti ikiingia, nalo hutaka kuingia pamoja nayo. Au sauti ikivutwa kwa muda mrefu, gumba nalo hutaka kungoja. Hilo si kosa la mwenye uvivu au la mjinga. Ni desturi ya mwili, na desturi hiyo haiondoki kwa kukemewa. Huondoka kwa kufundishwa.

Jaribu jambo hili sasa hivi mezani pako. Kwa mkono wa kuume piga meza mara tatu, na katika muda ule ule mkono wa kushoto upige mara mbili, mapigo ya kila mkono yawe na nafasi zilizo sawa. Ukijaribu kuufikiria kila mkono peke yake, utachanganyikiwa. Lakini sema polepole maneno haya, ukilivuta neno la kwanza na silabi ya mwisho: "Njoo nikupe." Neno "njoo" lipigwe na mikono yote miwili pamoja, "ni" mkono wa kuume, "ku" mkono wa kushoto, "pe" mkono wa kuume. Rudia bila kukatiza: njoo-ni-ku-pe, njoo-ni-ku-pe. Baada ya muda kidogo mikono yako itakuwa ikipiga tatu kwa mbili, nawe hukufikiria tatu wala mbili. Ulifikiria neno moja tu.

Hapo ndipo nilipoanza kufahamu maneno ya mjomba. Mwenye kupiga na kuimba hashiki mambo mawili. Ameyaunganisha yakawa jambo moja.

MASOMO YA MJOMBA

Jumamosi ya kwanza mjomba alinikataza kuimba, akanikataza hata kutumia kidole cha shahada. "Piga gumba peke yake," alisema, "moja, mbili, tatu, nne, na mguu wako ugonge sakafu pamoja nalo." Nilipokwisha kuzoea, akaanza kuniuliza maswali. "Mama yako hajambo? Leo umekula nini? Kutoka kwenu hadi kisimani ni hatua ngapi?" Kila nilipojibu, gumba lilisita. Akaniambia nisiendelee na jambo lingine mpaka niweze kumjibu maswali yote, hata ya hesabu, gumba lisijue kwamba ninasema. Ilinichukua majuma mawili.

Kipimo hiki ni chema, nami nakisifu kwa kila mwanafunzi. Mtoto ajifunzaye kutembea hawezi kufanya jambo lingine. Fikira zake zote zimo miguuni. Wewe leo watembea huku ukizungumza na mwenzako, wala huikumbuki miguu. Vivyo hivyo fundi wa cherehani: hapo mwanzo mguu wake husahau kukanyaga mikono iongozapo nguo, lakini baadaye mguu huenda wenyewe, na macho yake yako kwenye mshono tu. Fikira za mtu ni kama taa moja. Haiwezi kumulika vyumba viwili. Lakini jambo lililokwisha kuwa mazoea halihitaji taa. Hutendeka hata gizani. Kwa hiyo kabla ya kuimba, vidole vyako yapasa viweze kwenda gizani.

Baada ya gumba, mjomba aliniruhusu kuongeza kidole cha shahada, kipande kimoja cha wimbo baada ya kingine, polepole kuliko nilivyopenda. Nikapimwa tena kwa maswali. Kisha akaniamuru nisome kitabu kwa sauti huku nikipiga. Nilipoweza kusoma ukurasa mzima pasipo vidole kukosea, alisema, "Sasa mikono yako imekuwa watumishi. Tuwatafutie bwana wao."

Bwana wao ni sauti. Lakini sauti nayo ilipaswa kujifunza peke yake. Mjomba alinitaka niliache gitaa nyumbani, niimbe nikitembea njiani, kila hatua ikiwa pigo moja la gumba. Hapo nikagundua jambo la ajabu: maneno ambayo nilidhani nayajua, sikuyajua vema. Nilijua habari yake, lakini sikujua kila silabi inaangukia wapi, juu ya hatua au katikati ya hatua. Na mahali pale pale nilipokuwa nikikosea njiani ndipo nilipokuwa nikikosea kwenye gitaa. Twaona basi kwamba mara nyingi kosa tunalolisingizia vidole ni kosa la wimbo wenyewe, ambao haujakaa sawasawa kichwani.

KUUNGANISHA SILABI NA PIGO

Sasa tufikie kazi yenyewe ya kuunganisha. Nitatoa mfano mdogo niliotunga kwa ajili ya somo hili. Tuseme mstari wa wimbo ni "Dada atafika". Gumba hupiga mara nne, nasi tutahesabu moja, mbili, tatu, nne, na katikati ya kila pigo tutasema "na". Silabi zimekaa hivi:

Moja: Da
na: da
Mbili: a
na: ta
Tatu: fi
na: ka
Nne: (gumba peke yake, sauti ingali ikiivuta "ka")
na: (kimya)

Tazama mahali pa hatari. Silabi nne za kwanza hazina taabu. Moja yaanguka pamoja na gumba, na nyingine katikati, kwa zamu. Lakini silabi ya mwisho, "ka", yaingia kabla ya pigo la nne, kisha yavutwa kupita juu yake. Mwanafunzi hapo hufanya moja ya makosa mawili: ama huichelewesha "ka" ipate kuanguka pamoja na gumba, na wimbo hupoteza uzuri wake, ama hulivuta gumba lije mapema pamoja na "ka", na mwendo wote hupotoka.

Dawa yake ni hii. Usiuimbe mstari wote. Chukua silabi mbili za mwisho tu, "fi-ka", pamoja na mapigo mawili, la tatu na la nne. Nenda polepole hata ujue bila shaka mpangilio wake: "fi" pamoja na gumba, "ka" peke yake, gumba peke yake. Usihesabu sauti na gumba mbalimbali. Sema moyoni kama sentensi moja: pamoja, sauti, gumba. Rudia mara kumi pasipo kosa. Kisha ongeza silabi zilizotangulia, moja baada ya nyingine, ukirudi nyuma: "ta-fi-ka", halafu "a-ta-fi-ka", mpaka ufike mwanzo wa mstari. Ukijifunza hivi, kila mara utakuwa ukitoka mahali pageni kuelekea mahali unapopajua, na moyo hautaogopa.

Tena usianze na maneno. Anza kwa kuvumisha sauti, midomo ikiwa imefungwa, ili ulimi usiwe na kazi. Kisha imba kwa "la-la-la". Mwisho kabisa tia maneno. Kila hatua iongeze jambo moja tu, maana anayeongeza matatu kwa mara moja hajui ni lipi lililomwangusha.

Jambo jingine alilonifundisha mjomba ni adabu kati ya gitaa na sauti. "Watu wawili wenye akili," alisema, "hawasemi kwa kelele wakati mmoja." Alinionyesha kwamba sauti iingiapo, vidole vyaweza kupunguza mbwembwe, vikabaki na gumba na sauti chache za juu, na sauti ikipumzika kati ya beti, hapo ndipo vidole vipewe nafasi ya kusema yote viliyo nayo. Ukimsikiliza mpigaji hodari, utamsikia akiimba kwa kitambo, kisha akilipa gitaa muda wake. Kupunguza si kushindwa; ni busara. Mwanafunzi aweza kuanza na vidole vichache chini ya sauti, na baada ya miezi akaongeza.

SIKU ZA KUKATA TAMAA

Katika juma la tano nilisimama. Kila siku nilijizoeza, na kila siku nilikosea mahali pale pale. Nilitaka kuacha. Miaka mingi baadaye nilisoma habari iliyonieleza yaliyonipata. Mwaka 1897 na mwaka 1899 Wamarekani wawili, William Lowe Bryan na Noble Harter, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliokuwa wakijifunza kazi ya kupokea habari za simu. Siku zile simu zilipelekwa kwa mlio mfupi na mlio mrefu, na mpokeaji alipaswa kuzigeuza sauti hizo ziwe herufi. Wataalamu hao walipima maendeleo ya wanafunzi juma baada ya juma. Waliona kwamba mwanafunzi hupanda upesi hapo mwanzo, kisha hufika mahali akakaa majuma mengi bila kuongeza kitu, ingawa hujitahidi kila siku. Halafu ghafula hupanda tena.

Walieleza sababu hivi: mwanafunzi husikia kwanza herufi moja moja, baadaye masikio yake huanza kusikia neno zima kama kitu kimoja, na mwisho husikia mafungu ya maneno. Wakati ule aonekanapo kama amesimama, mazoea ya chini yanakazwa, mpaka yawe imara kiasi cha kubeba mazoea ya juu. Ndivyo ilivyo kwa mpiga gitaa. Kwanza hufikiria uzi, kisha hufikiria mshiko, kisha mstari, na mwisho wimbo mzima.

Basi, ukisimama mahali pamoja, usijipige wala usikimbize mwendo. Punguza mwendo hata kosa litoweke, kisha upandishe kidogo kidogo. Jizoeze kila siku kwa muda mfupi, kwa mfano robo saa asubuhi na robo saa jioni, kuliko kukaa saa tatu siku moja na kuacha siku sita. Kidole kilichochoka hujifunza makosa, na kosa lililorudiwa mara nyingi huwa mazoea kama yalivyo mazoea mema. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinachovuja hakijai.

JUMAMOSI YA MWISHO

Katika juma la kumi na mbili nilikwenda kwa mjomba kama kawaida. Alikuwa kitandani, hawezi tena kuketi. Hakuniuliza maswali. Alisema tu, "Haya, mwanangu."

Nikaanza kupiga. Nilipofika mahali pa kuingiza sauti, sikuyafikiria mapigo, wala nyuzi, wala silabi. Niliyafikiria maneno, na yule niliyekuwa nikimwimbia. Sauti ikaingia, na vidole vikaendelea na kazi yao. Nilipofika kwenye yale maneno aliyoyatunga mwenyewe, nilimtazama. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, lakini gumba lake lililopinda lilikuwa likigonga blanketi polepole, moja, mbili, tatu, nne, wala halikukosea hata mara moja.

Nilipomaliza alisema, "Umeona? Ni moja." Kisha akanitaka niuimbe tena.

Mjomba hakuziona mvua za mwaka ule. Lakini wimbo wake haukuzikwa pamoja naye. Baadaye nimewafundisha wawili katika ukoo wetu, kwa maswali yale yale ya mama hajambo na hatua za kisimani.

Je, wahenga walikosea waliposema mshika mbili moja humponyoka? La, hawakukosea. Mtazame mtu atokaye porini na kuni. Vijiti thelathini hawezi kuvishika mikononi; kila aokotapo kimoja, kingine huanguka. Lakini akivipanga na kuvifunga kwa kamba, huvitwika kichwani, akaenda zake huku akizungumza na wenzake njiani. Hakubeba thelathini. Amebeba mzigo mmoja. Kadhalika gumba, kidole na sauti: kazi yote ya mwanafunzi ni kutafuta kamba na kufunga vizuri, tena bila haraka. Mzigo uliofungwa vibaya humwagika njiani, mbele ya watu, kama ulivyomwagika wangu siku ile ya kwanza.

MASWALI

1. Kwa nini ni rahisi kuimba wakati wa kutwanga kuliko wakati wa kudonoa nyuzi za gitaa kwa vidole?
2. Mjomba alipimaje kama gumba limekwisha kupata mazoea? Jaribu kipimo hicho kwa kazi nyingine uijuayo.
3. Piga meza kwa maneno "Njoo nikupe" mpaka mikono isikosee. Kisha eleza kwa maneno yako kilichobadilika akilini mwako.
4. Chukua mstari mmoja wa wimbo wa kwenu. Uimbe ukitembea, uandike kila silabi iangukayo juu ya hatua, na kila iangukayo katikati.
5. "Nilishika moja tu." Mjomba alikuwa na maana gani?